Moyo wa Mzee Kenyatta: Siri iliyolindwa na sheria

CIBITOKE, Bujumbura

Alfajiri ya Jumanne, Agosti 22, 1978, Rais wa kwanza wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, alifariki dunia katika Ikulu ya Mombasa. Siku nane kabla ya hapo familia yake ilikuwa imekusanyika pwani kuwa pamoja naye, akiwamo mwanawe Peter Magana aliyesafiri kutoka Uingereza. Wakenya wengi walioamka asubuhi hiyo hawakuwahi kuambiwa kwamba moyo wa Rais wao ulikuwa mgonjwa. Watu wachache waliomzunguka walikuwa wakilijua jambo hilo kwa miaka mingi.

Habari za namna hiyo si ngeni kwa wakazi wa Cibitoke, kaskazini mwa jiji la Bujumbura. Juni 2020 walipokea tangazo la serikali kwamba Rais Pierre Nkurunziza amefariki hospitalini Karusi baada ya moyo wake kusimama, akiwa na umri wa miaka 55. Miezi tisa baadaye, Machi 2021, jirani zao wa Tanzania walitangaziwa kwamba Rais John Magufuli amefariki jijini Dar es Salaam kwa maradhi ya mfumo wa umeme wa moyo aliyokuwa nayo kwa zaidi ya miaka kumi. Maradhi ya viongozi hao watatu hayakuwa ya aina moja. Lakini katika kila nchi wananchi walifahamu habari za moyo wa kiongozi wao siku ileile walipoambiwa kuwa hayupo tena.

Kenyatta ndiye wa kwanza katika orodha hiyo, na maisha yake yanaonyesha jinsi moyo wa mtu mmoja unavyoweza kuwa jambo la nchi nzima.

Kamau wa Ngengi

Hakuna anayejua kwa hakika siku aliyozaliwa. Wanahistoria wengi huiweka katika miaka ya 1890, huko Gatundu, kwenye vilima vya Wakikuyu. Aliitwa Kamau, mwana wa Ngengi. Akiwa bado kijana mdogo alijiunga na misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto, ambako palikuwa na shule, karakana na hospitali. Hapo alijifunza kusoma, kuandika na useremala, na mwaka 1914 alibatizwa kwa jina la Johnstone Kamau.

Miaka ya 1920 ilimkuta Nairobi akiwa mwajiriwa wa idara ya maji ya manispaa, akipita nyumba kwa nyumba kusoma mita. Kazi hiyo ilimpa mshahara na nafasi ya kufahamiana na watu wengi. Mwaka 1928 alikuwa katibu wa Kikuyu Central Association na mhariri wa gazeti la Muigwithania. Mwaka uliofuata chama kilimtuma London kupeleka malalamiko ya ardhi. Alirudi kwa muda mfupi, kisha mwaka 1931 akaenda tena Uingereza, na safari hii alikaa huko miaka 15.

Akiwa huko alisoma anthropolojia katika chuo cha London School of Economics chini ya Profesa Bronislaw Malinowski. Kitabu chake kuhusu maisha ya Wakikuyu, Facing Mount Kenya, kilitoka mwaka 1938, na kwenye jalada jina lake lilikuwa Jomo Kenyatta. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi za shambani katika jimbo la Sussex. Mwaka 1945 alikuwa miongoni mwa walioandaa na kuhudhuria Mkutano wa Waafrika mjini Manchester, na mwaka 1946 akarejea Kenya. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Kenya African Union.

Jela na dawa za wakati ule

Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na usiku huohuo ikamkamata. Kesi iliendeshwa Kapenguria, mji mdogo ulio mbali na Nairobi, na Aprili 1953 Kenyatta na wenzake watano wakahukumiwa miaka saba jela kwa madai ya kuongoza Mau Mau, madai ambayo aliyakana daima. Walipelekwa Lokitaung, kwenye joto na mawe ya kaskazini. Kwa kuwa alikuwa amewazidi wenzake umri, hakupewa kazi ngumu kama wao bali upishi. Kifungo kilipokwisha mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, bado akiwa chini ya amri ya kutotoka, kisha Maralal. Aliachiwa huru Agosti 1961.

Wakati Kenyatta akipika uji wa wafungwa Lokitaung, madaktari wa Afrika Mashariki walikuwa wanaamini kwamba mshtuko wa moyo ni ugonjwa wa Wazungu na Wahindi. Mwaka 1956 madaktari wawili waliokuwa Uganda, Trowell na Singh, walichapisha katika jarida la tiba la Afrika Mashariki taarifa ya mgonjwa mmoja tu Mwafrika aliyekuwa na maradhi ya mishipa ya damu ya moyo. Mgonjwa mmoja alitosha kuwa habari ya kitaalamu. Tiba ya ukanda huu ilijengwa kukabili malaria, kifua kikuu, ukoma na utapiamlo. Mwafrika aliyebanwa kifua hakuwa mtu ambaye daktari angemfikiria moyo kwanza.

Ng'ambo mambo yalikuwa yanabadilika. Mwaka 1954 watafiti wa New York, LaDue, Wróblewski na Karmen, walionyesha kwamba misuli ya moyo inapokufa, kimeng'enya kilichokuwa ndani ya chembe zake humwagika kwenye damu, na kiasi chake kinaweza kupimwa maabara. Kwa mara ya kwanza damu iliyotolewa mkononi iliweza kueleza jambo lililotokea ndani ya moyo. Hapo ndipo ilipoanza safari ya viashiria vya damu ambavyo leo hutumiwa hospitalini kila siku.

Rais na shirikisho lililosubiriwa

Juni 1, 1963, Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu. Siku nne baadaye, Juni 5, alikutana Nairobi na Julius Nyerere wa Tanganyika na Milton Obote wa Uganda, nao watatu wakatangaza nia ya kuunda shirikisho la Afrika Mashariki kabla mwaka haujaisha. Shirikisho halikuzaliwa. Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963 na kuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye, Kenyatta akiwa Rais.

Kilichozaliwa ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mkataba uliotiwa saini Kampala Juni 6, 1967. Nchi tatu zilimiliki pamoja shirika la ndege, reli, bandari na posta. Zilimiliki pia taasisi za utafiti wa tiba: ya virusi Entebbe, ya malaria Amani huko Tanga, na ya ukoma Alupe, magharibi mwa Kenya. Mtafiti wa nchi moja alifanya kazi katika maabara ya nchi nyingine, na matokeo yakawa mali ya wote.

Kenyatta alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 70 wakati huo, na mwili ulikuwa umeanza kudai haki yake. Alisumbuliwa na jongo na moyo. Mei 1968 alipata kiharusi. Habari hizo hazikutolewa kwa wananchi, ila mabalozi walizifuatilia kwa karibu. Nyaraka za Uingereza zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha jinsi wanadiplomasia wake mjini Nairobi walivyokuwa wakiandikia London kuhusu afya ya Rais na nani angemrithi.

Mwaka huohuo wa 1968 Katiba ya Kenya ilibadilishwa. Kifungu kipya kilisema Rais akifariki, Makamu wake atashika nafasi kwa siku 90, kisha uchaguzi ufanyike. Umri wa chini wa mgombea ukawekwa kuwa miaka 35. Makamu wa Rais alikuwa Daniel arap Moi, aliyeteuliwa Januari 1967. Kwa maneno mengine, Bunge lilitunga sheria kwa ajili ya siku ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuizungumzia hadharani.

Kile damu isichoweza kusema

Ni vyema kueleza madaktari wa enzi hizo walikuwa na nini mkononi. Walikuwa na kipimo cha shinikizo la damu, picha ya eksirei ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, na vile vimeng'enya vya damu. Vifaa hivyo viliweza kuwaambia kwamba sehemu ya moyo imeumia. Havikuweza kuwaambia vizuri moyo huo utageukaje baada ya hapo.

Na hilo la pili ndilo huamua maisha ya mgonjwa. Mshtuko wa moyo hutokea mshipa unaoulisha moyo unapoziba. Misuli iliyonyimwa damu hufa kwa saa chache, na mahali pake huota kovu. Kovu halisukumi damu. Misuli iliyobaki hulazimika kufanya kazi ya mwenzake, na kwa majuma na miezi chumba cha kushoto cha moyo huanza kubadilika: ukuta uliokufa huwa mwembamba, chumba hutanuka, na umbo lake la yai hugeuka kuwa kama mpira. Moyo uliotanuka hivyo huchoka. Mgonjwa hujisikia nafuu, hurudi kazini, hupokea wageni, na huku ndani kazi ya kuharibika inaendelea bila maumivu.

Leo damu husema mengi zaidi. Protini iitwayo troponini, iliyo sehemu ya misuli ya moyo, ilianza kutumika hospitalini katika miaka ya 1990. Ikipanda sana baada ya mshtuko, ni dalili kwamba eneo lililokufa ni kubwa, na hatari ya moyo kutanuka ni kubwa pia. Kuna homoni iitwayo BNP, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1988. Moyo wenyewe huitoa pale kuta zake zinapovutwa kupita kiasi. Mgonjwa ambaye BNP yake inabaki juu siku na majuma baada ya mshtuko anahitaji kuangaliwa kwa karibu kuliko yule ambaye imeshuka. Watafiti wanachunguza viashiria vingine, kama galektini-3 na ST2, vinavyohusiana na kutengenezwa kwa makovu na kuvutwa kwa misuli.

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachotabiri peke yake. Daktari huvisoma pamoja na picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, umri wa mgonjwa, kisukari na shinikizo la damu. Faida yake ni kwamba vinaonya mapema, wakati dawa bado zinaweza kusaidia. Captopril, mojawapo ya dawa za kwanza zilizothibitika kuzuia moyo usitanuke baada ya mshtuko, iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, miaka mitatu baada ya Kenyatta kuzikwa.

Mwaka ilipokuwa kosa kuwaza

Kadiri Rais alivyozeeka, mamlaka ya kila siku yalihamia kwa watu wachache waliokuwa na ruhusa ya kumwona. Miongoni mwao walikuwa shemeji yake Mbiyu Koinange, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo, na Njoroge Mungai, ndugu yake aliyesomea udaktari na kuwahi kuwa Waziri wa kwanza wa Afya. Miaka hiyo ilikuwa na majeraha mengine. Tom Mboya aliuawa Nairobi Julai 1969. Oktoba mwaka huo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, ghasia zikazuka na walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa, na umma ukapoteza imani kubwa iliyokuwa imebaki.

Septemba 1976, katika mkutano wa hadhara Nakuru, kundi la wanasiasa lilitaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike madaraka moja kwa moja Rais akifariki. Lengo lilikuwa kumzuia Moi. Mwezi uliofuata Njonjo alitoa onyo: kwa mujibu wa sheria ya jinai ya Kenya, kuwaza, kupanga au kukusudia kifo cha Rais ni kosa la uhaini, na adhabu yake ni kunyongwa. Baraza la Mawaziri likaunga mkono onyo hilo, na kampeni ikazimika.

Njonjo alikuwa anawanyamazisha wapinzani wa Moi, na kisiasa alifaulu. Lakini sheria ileile ilikuwa na athari nyingine. Swali ambalo daktari yeyote humuuliza mgonjwa wa moyo, na ambalo familia yoyote humuuliza daktari, yaani moyo huu utafika wapi, lilikuwa swali ambalo Mkenya wa kawaida hakuweza kuliuliza kuhusu mtu aliyeshika nchi. Kiongozi alikuwa mzee sana. Kila mtu aliona. Kila mtu alinyamaza.

Jumuiya yafa kwanza

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika la ndege lilisimama, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mali za pamoja zikagombaniwa kwa miaka. Sababu zilikuwa nyingi: ugomvi wa michango, tofauti za siasa za uchumi, na mapinduzi ya Idi Amin ya mwaka 1971 ambayo yalimfanya Nyerere akatae kukaa naye meza moja. Kenyatta, mmoja wa waasisi watatu, aliishuhudia ikianguka akiwa mzee asiyeweza tena safari ndefu za kuiokoa, hata kama angetaka.

Taasisi za utafiti nazo ziligawanywa. Mwaka 1979 Kenya iliunda taasisi yake, KEMRI, na Tanzania ikaunda NIMR. Kila nchi ilianza upya na maabara zake, bajeti yake na wagonjwa wake.

Mombasa, Agosti 1978

Kenyatta aliipenda pwani na alikaa huko kwa vipindi virefu. Ndiko mauti yalikomkuta, usiku wa kuamkia Agosti 22. Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Eliud Mahihu, alipeleka habari Nairobi. Moi, aliyekuwa nyumbani kwake Kabarak, aliondoka haraka kwenda mji mkuu na akaapishwa siku hiyohiyo. Siku 90 za Katiba zilianza kuhesabiwa, na kabla hazijaisha, Oktoba 1978, Moi akawa Rais kamili. Kenyatta alizikwa Agosti 31 katika viwanja vya Bunge, Nairobi, ambako kaburi lake lipo hadi leo.

Wengi walikuwa wametabiri damu, na haikumwagika. Kifungu cha Katiba cha mwaka 1968 kilifanya kazi yake. Kiliandikwa na watu waliokubali, japo kimyakimya, kwamba Rais naye ana moyo wa nyama.

Kutoka Ikulu hadi Cibitoke

Burundi ilijiunga na Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007, pamoja na Rwanda. Jumuiya hii imerudi kwenye wazo la zamani la kugawana kazi za tiba: nchi wanachama zilikubaliana kuwa na vituo vya umahiri, Kenya ikachukua figo, Uganda saratani, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba, Burundi lishe, na Tanzania moyo na mishipa ya damu. Jijini Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambayo hupokea wagonjwa kutoka nje ya Tanzania pia.

Kwa mkazi wa Cibitoke, mgawanyo huo una maana moja kubwa. Shinikizo la damu na kisukari, ambavyo huutayarisha moyo kwa mshtuko, si maradhi ya marais wala ya Wazungu. Yanapatikana katika nyumba za kawaida za mtaa huu. Mtu akibanwa kifua katikati, maumivu yakasambaa mkononi au tayani, akatokwa na jasho jembamba na kukosa pumzi, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, si ya duka la dawa. Na aliyenusurika asihesabu kwamba yamekwisha. Miezi inayofuata ndiyo ya kuulizia kipimo cha damu, picha ya moyo na dawa za kuuzuia usitanuke, na ndiyo ya kurudi kliniki hata kama hakuna kinachouma.

Kenyatta hakuwa na vipimo hivyo, na kwa umri wake pengine visingebadilisha mengi. Ila alikuwa na madaktari, magari na ndege, na bado habari za moyo wake zilibaki mikononi mwa watu wasiozidi chumba kimoja. Katika nyumba ya kawaida huko Cibitoke, mgonjwa wa moyo hana haja ya kuishi hivyo. Mkewe, mumewe na watoto wake wakubwa wakijua kipimo kimesema nini na dawa gani hazipaswi kukosekana, usiku mambo yakiharibika watajua la kufanya.